Kengele ya Tatu

Mimi nina mdomo, sikatai. Waulize wote waliowahi kupanga foleni mbele ya kidirisha changu, watakwambia. Lakini kwa miaka ishirini na sita niliyokata tiketi katika ukumbi ule wa sinema sikuwahi kumsahau mteja. Kidirisha chenyewe kilikuwa chini, kimo cha kiuno, kwa hiyo sura za watu nilikuwa sizioni mpaka wainame. Nilichokuwa naona ni mikono. Nawajua watu wa mji huu kwa mikono: mwenye kidole kilichokatwa na msumeno, mwenye kucha zilizotafunwa, kijana anayetokwa jasho kiganjani kwa sababu leo amekuja na msichana. Basi mikono hiyo ikaanza kupungua. Kwanza Jumatatu hadi Alhamisi, nikasema watu wako kazini. Halafu Ijumaa. Mwisho hata Jumapili nikawa nakaa na kitambaa changu nafuma, nafumua, nafuma tena.

Fundi ndiye mume wangu. Watu wote wanamwita Fundi, na mimi pia, hata nyumbani, hata tukigombana. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya picha kule juu. Tulifahamiana hapo hapo ukumbini, yeye juu, mimi chini, na ngazi kumi na tisa katikati.

Mwaka ule paa lilipovuja tukafunga miezi mitano, nilimwona mtu mzima akizimika mbele ya macho yangu. Aliacha kula. Aliacha kuongea. Alilala kutwa, uso ukutani. Nikampeleka hospitali, daktari akampima kuanzia utosini hadi unyayoni, akasema mzee huyu haumwi kitu. Haumwi kitu! Nilitamani nimzabe kibao. Siku ukumbi ulipofunguliwa tena, Fundi alipanda ngazi zile shingo imenyooka, akateremka baada ya maonyesho mawili, akaniuliza tunakula nini. Kwa hiyo nikisema niliogopa ukumbi ukifungwa mume wangu atakufa, sitii chumvi.

Bosi wetu tulimwita Mrithi, kichinichini, kwa sababu ukumbi aliachiwa na baba yake na sijui kitu kingine alichowahi kukishika kwa mkono wake. Jumatatu moja alikuja na wanaume wawili wenye futi ya kupimia. Wakapima sakafu, wakapima kuta, wakagonga gonga jukwaa. Nikamuuliza Komeo, mzee wetu wa mlangoni, hawa ni nani. Akaniambia wauza vigae na masinki.

"Masinki?" nikasema. "Humu?"

"Humu humu. Pale kwenye pazia wataweka vyoo vya maonyesho."

Sikungoja nialikwe. Nilimfuata Mrithi hadi kwenye gari. Nilimfuta kamasi huyu akiwa mdogo, sasa nimwogope kwa lipi?

"Shikamoo, mama," akasema, macho kwenye simu.

"Marahaba. Nipe Jumamosi moja."

"Ya nini, mama?"

"Nikujazie ukumbi."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, nitasema haki yake. Akaegemea gari akafikiri, kisha akasema, "Nikiona vichwa hamsini Jumamosi hii, onyesho la saa tisa, hao wa vigae nitawaambia watafute kwingine, tuendelee mwaka mmoja. Visipofika, mama, jioni hiyo hiyo naweka sahihi. Tusilaumiane."

Hamsini! Ukumbi una viti mia nne na themanini. Zamani hamsini walikuwa ni wale wanaosimama ukutani kwa kukosa pa kukaa. Nikasema hamsini mbona mchezo. Fundi nilipomwambia alijibu "Haya" basi, akaendelea kupuliza vumbi kwenye kioo cha mashine.

Jumanne asubuhi nikajifunga kibwebwe nikaanza kuzunguka. Wa kwanza alikuwa kinyozi, yule mwenye kidole kilichokatwa. Zamani alikuwa seremala. Nikamkuta anamnyoa mtu, na ukutani ametundika televisheni kubwa kama mlango wa ghala. Wateja wanne wamekaa kwenye benchi, wawili hata nywele hawana. Wamekuja kuangalia picha.

"Mama Tiketi!" akasema. "Karibu. Unaona? Na mimi siku hizi ni mshindani wako."

"Nakuona. Jumamosi saa tisa nakutaka ukumbini, wewe na hawa vipara wako."

Wakacheka. Kinyozi akasema sawa, atakuja, kwa heshima yangu atakuja. Kisha akauliza, "Saa tisa kweli, au saa tisa ya kwenye tiketi? Maana mimi hapa mtu akichelewa narudisha nyuma, tunaanza upya."

"We njoo tu," nikamwambia, huku nacheka na mimi. Nilifurahi kupata vichwa vitano kwa mpigo, nikatoka.

Toka hapo nikaenda kwa mwalimu mstaafu na mkewe. Hawa walikuwa watu wa kila Jumapili, mkono wake juu ya mkono wa mkewe hata wakati wa kulipa. Nilipowauliza kwa nini wamenitupa, mwalimu akavua miwani. Akasema mara ya mwisho kijana mmoja mbele yao alikuwa anaongea na simu, imewaka usoni kwake, anamweleza mtu picha ilipofika. Mwalimu akamwomba kwa adabu anyamaze. Kijana akamwambia, mzee, ukitaka kimya kaa kwako.

"Na wewe ukafanyaje?" nikauliza.

"Nikakaa kwangu," akasema. "Mwaka wa nne huu."

Nikamwambia kijana huyo nikimjua nitamshika sikio nimzungushe mtaa mzima. Mkewe akacheka, wakaniahidi. Viwili hivyo.

Mwanamke mmoja, fundi cherehani wa kona, ndiye aliyenitoa machozi. Alikuwa anakuja na marehemu mumewe, jamaa mwenye kicheko kinachosikika mpaka kwangu nje. Nilipomweleza shida yangu, akasimamisha mguu kwenye cherehani. "Dada," akasema, "niende na nani? Picha ikichekesha nimgeukie nani?" Nikamwambia anigeukie mimi, nitakaa naye. Nilimdanganya, maana mimi saa ya picha sikai ukumbini. Akasema atajitahidi.

Nikazunguka hivyo siku nne. Miguu ilivimba. Mmoja alisema giza la njia ya kurudi, nikamwambia saa tisa kuna giza gani. Mwingine alisema viti vinauma mgongo, na hapo nikakubali, maana ni kweli. Wengi hawakuwa hata na sababu. Walinitazama kwa mshangao tu, eti kumbe bado mpo?

Binti yangu, kifungua mimba wangu, nilimwacha wa mwisho. Nilidhani huyo hana haja ya kuombwa. Amelelewa ngazi zile, amejifunza kusoma kwa tiketi mbovu. Akanipa chai, akakaa, nikaona anatafuta maneno.

"Mama, nitakuja. Lakini nisikufiche. Mimi na watoto watatu, nauli kwenda na kurudi, bisi, na vinywaji vya kuwanyamazisha, hapo mboga ya wiki imekwenda. Kwa picha moja."

"Nimekwambia nitakukatia bure."

"Tiketi, mama. Nauli utanikatia?"

Mjukuu wangu mdogo alikuwa chini ya meza na simu. Nikainama kumtazama. Alikuwa anaangalia picha ile ile tuliyopanga kuonyesha Jumamosi! Mtu ameirekodi kwa kujificha kwenye ukumbi wa mji mwingine, sauti inakwaruza, na mara kichwa cha mtu kinapita mbele kinaziba kila kitu.

"Bibi," akasema, "hiki kichwa ni cha nani?"

"Cha mtu aliyelipa," nikasema. Binti yangu akaangua kicheko, na mimi nikacheka, lakini moyoni kulikuwa kumepasuka kitu. Hata hivyo hesabu yangu siku ile ilikuwa vichwa sitini na tatu vilivyoahidi. Nikasema hata wakinitoroka kumi, nimefika.

Sasa lazima nieleze kengele zetu, la sivyo hutaelewa. Marehemu baba yake Mrithi aliweka sheria ukumbi ulipofunguliwa, na haikuvunjwa hata siku moja. Kengele ya kwanza, watu waingie. Ya pili, taa nusu. Ya tatu, basi. Mimi nashusha pazia la kidirisha. Komeo anavuta geti la vyuma la nje, anaingia ndani, anasukuma komeo la mlango wa ukumbi na kukaa papo hapo kwenye kiti chake ili mlango usifunguke na mwanga usipige kwenye pazia la picha. Simu zetu sisi wafanyakazi zinazimwa, zinawekwa kwenye droo, ili tuwe mfano. Mimi napanda na chupa ya chai kumpelekea Fundi. Ukija baada ya hapo, hata uwe nani, rudi kesho. Aliwahi kuachwa nje mkuu wa polisi na sare yake. Watu walikuwa wanakimbia barabarani wakisikia kengele ya pili, wanawake viatu mkononi. Tulijivunia hilo kuliko kitu chochote.

Jumamosi ikafika. Nilivaa gauni langu la sherehe. Saa nane na nusu nikafungua kidirisha, nikaweka mikono yangu juu ya ubao, nikangoja mikono ya wenzangu. Akaja mwalimu na mkewe. Wakaja wanafunzi watatu wa chuo, ambao sikuwaalika na sijui walitoka wapi. Akaja mlevi mmoja anayetaka kulala kwenye baridi ya feni. Akaja fundi cherehani, peke yake, akanishika vidole kupitia tundu la kidirisha. Wakaja wengine watatu. Jumla kumi. Wa kumi na moja alikuwa Mrithi, naye hakukata tiketi.

Kengele ya kwanza ikapigwa. Ya pili. Nikachungulia barabarani, kulia, kushoto. Mama Bisi, mwanamke anayeuza bisi mbele ya geti letu, alikuwa anapepea karai lake, hana mteja. Komeo akaja kidirishani, kamba ya kengele mkononi.

"Nipige ya tatu?"

Nyuma yake Mrithi anatazama saa. Ningeweza kusema tungoje kidogo. Wallahi ningeweza, na Komeo angenisikiliza. Lakini miaka ishirini na sita imenikaa mwilini. Na kiburi nacho kilinishika: sikutaka huyu mtoto aone tunabembeleza.

"Saa imefika?" nikauliza.

"Imefika."

"Basi piga."

Nikashusha pazia, nikazima simu, nikatia kwenye droo. Geti likavutwa, na mlango wa ukumbi nikausikia ukikomewa. Nikachukua chai yangu nikapanda ngazi.

Chumba cha mashine ni kidogo, kinaunguruma, na ukiwa humo husikii la nje. Kina kitundu cha kutazamia ukumbini na kidirisha kingine nyuma kinachotazama barabarani. Fundi alikuwa ameshaanzisha picha. Siku hizi ni kubonyeza tu, lakini yeye husimama pale dakika kumi za mwanzo mkono juu ya mashine, kama mtu anayempima mtoto homa. Nikachungulia ukumbini. Vichwa kumi na kimoja katika viti mia nne na themanini. Hapo nikalia. Sikulia kistaarabu, nililia kwa kwikwi, gauni la sherehe likalowa. Nikawalaani wote, kinyozi na vipara wake, hata binti yangu wa kumzaa nikamtaja.

Fundi akanimiminia chai mimi kwanza, akajimiminia yake, akaenda nayo kwenye kidirisha cha nyuma. Akasimama pale muda mrefu.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Napunga upepo."

Akarudi, akakaa kwenye kreti karibu yangu, akanishika mkono. Fundi si mtu wa kushika mkono. Nikadhani ananipoza. Tukakaa hivyo, picha inaendelea chini, na katikati ya picha nikaona Mrithi anainuka, anatokea mlango wa pembeni, ule wa uchochoroni. Nikajua anakwenda kusaini.

Picha ilipokwisha nikateremka kuwaaga wale kumi. Mwalimu akanishukuru kana kwamba nimewapikia. Fundi cherehani akaniuliza, "Mbona hukuja kukaa na mimi?" Nikakosa pa kuweka uso. Nikatoka hadi getini, na Mama Bisi akanirukia hata kabla sijavuka kizingiti.

"Wewe, Mama Tiketi! Leo mmekumbwa na nini? Watu wamejaa hapa mnafunga?"

"Watu gani?"

"Watu gani! Walianza kuja mmefunga tu, robo saa hivi. Yule kinyozi na kundi lake. Binti yako na watoto wote, mdogo amevaa tai. Thelathini, arobaini, mimi sikuhesabu, karai zima la bisi limekwisha! Wanasema picha huwa na matangazo kwanza, hawajachelewa. Nimegonga geti kwa upawa wangu mpaka umepinda, tazama. Nimekupigia simu, haipatikani. Wamengoja, wamengoja, watoto wakaanza kulia, wakaondoka."

Nikakimbilia droo, nikawasha simu, nikampigia Mrithi. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wako wapi sasa, mama?"

"Wamekwenda."

"Basi hawapo," akasema. Kwa nyuma nilisikia watu wakicheka na vikombe vikigongana. "Nimeshasaini, mama. Pole sana."

Mama Bisi alikuwa amenifuata na upawa wake. "Mimi kilichonishangaza," akasema, "ni mumeo. Nilimwona pale juu dirishani na kikombe. Nikampungia, na wenzangu wote wakampungia. Watoto wakamwita, babu, babu! Nikawaambia tulieni, ameshatuona, anakuja kufungua."

Zile ngazi kumi na tisa sijui nilizipandaje. Fundi alikuwa anakunja waya, taratibu, kipimo cha mkono kwa mkono. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele, sauti ikatoka ndogo.

"Uliwaona."

Hakugeuka. "Niliwaona."

"Wajukuu zako wamekuita."

"Sikuwasikia. Niliona midomo."

"Hatua mbili mpaka kwenye mashine, Fundi! Kubonyeza kitufe, kumwita Komeo. Ningeshuka mimi mwenyewe. Nimetembea siku nne. Kwa nani? Kwa nani nimetembea?"

"Kwangu," akasema. "Ndiyo maana." Akaweka waya chini. "Wale hawakuja kuangalia picha, mama watoto. Walikuja kukuonea huruma. Jumamosi ijayo ungezunguka tena. Na ijayo. Ungekuwa unawagongea watu milango mpaka wakikuona wajifiche. Mimi nachungulia hiki kitundu kila siku, miaka mitatu sasa, naona viti. Hujui nakuwaje nikitoka hapa. Nimechoka kungoja. Nilipowaona pale chini nikajua tumepewa mwaka mwingine wa kungoja, na miguu ikagoma."

"Ungeniambia."

"Ungeshuka ukafungua."

"Ningeshuka, ndiyo! Ningefungua!"

"Ndiyo maana sikukwambia."

Nilikuwa na maneno mengi, mimi ninayejulikana kwa mdomo. Nilitaka kumwambia kuhusu ile miezi mitano, kwamba yote haya nimeyafanya ili asilale tena ametazama ukuta. Badala yake likatoka jingine kabisa.

"Na mimi je?" nikasema. "Mimi nilitaka waje. Sio kwa ajili yako. Mimi. Nilitaka kuona mikono yao."

Fundi akageuka akanitazama. Hilo hakulijua. Wala mimi sikulijua mpaka liliponitoka. Akaketi juu ya kreti, na nikaona mzee mzima anatetemeka kidevu. Nilitaka kumfuata, na nilitaka kumsukuma ateremke ngazi zote kumi na tisa. Nikabaki pale pale mlangoni.

Chini Komeo alikuwa ameshafagia na kuzima feni. Akaita kutoka ukumbini, kama anavyoita kila siku baada ya onyesho la mwisho:

"Huko juu! Nifunge?"

Nilimngoja Fundi ajibu. Hakujibu.

"Funga," nikasema.